Kabla hujaleta wasifu dukani: namna ya kumsikiliza mzee wa vita vya Kagera

Nina steshenari ndogo hapa Mwanza. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za kuomba kazi na mihtasari ya vikundi vya akina mama, na haipiti wiki bila kuletewa wasifu wa marehemu. Mleta wasifu unamjua kabla hajafungua mdomo: shati la jana, karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, macho mekundu. Maziko saa kumi, anataka kopi hamsini na picha ya marehemu juu.

Kuna mstari mmoja nimeuchapa hadi vidole vinaujua vyenyewe: "Marehemu alishiriki vita vya Kagera mwaka 1978 hadi 1979." Basi. Juu yake kuna shule ya msingi aliyosoma, chini yake kuna mwaka aliofunga ndoa. Siku moja nilimuuliza kijana aliyeuleta, mzee alikuwa kikosi gani? Akaigeuza ile karatasi, kama vile jibu limeandikwa kwa nyuma. "Sijui dada. Mzee alikuwa haongelei mambo hayo."

Nilimtolea kopi zake akaenda, lakini jibu lake lilinikera kwa sababu lilikuwa langu pia. Baba yangu mkubwa alikuwa mgambo. Alikwenda, akarudi, na mimi nilikula kwake miaka nenda rudi bila kujua alifika wapi. Nikafunga duka Jumapili mbili, nikaenda Magu kumsikiliza. Baada yake nikamsikiliza mama mkwe wangu, ambaye hakushika bunduki lakini vita vilimkuta jikoni kwake kule Missenyi, mkoani Kagera. Kisha wateja wakaanza kuniletea wazee wao. Leo nina daftari nne. Sijasomea historia, nimeishia kidato cha nne. Haya ninayokueleza nimeyajua kwa kukosea.

Soma kidogo kabla hujaenda

Ukienda hujui Kyaka iko wapi, mzee atakuona umekuja kupoteza muda, atakupa ile hadithi fupi ya kuwapa wageni. Jifunze njia waliyopita. Majeshi ya Idi Amin yaliingia kwa nguvu tarehe 30 Oktoba 1978, yakashika eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, zaidi ya kilomita za mraba 1,800, na Amin akatangaza kwamba sasa ni Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, ile hotuba ya sababu, nia na uwezo ambayo hata wasiokuwa wamezaliwa wanaijua. Kesho yake daraja la Kyaka, la kuvukia mto huo, likalipuliwa. Januari 1979 jeshi letu likaingia Mutukula, pale mpakani. Mwishoni mwa Februari, Masaka na Mbarara. Machi 10 na 11, Lukaya, ambako Walibya waliokuja kumsaidia Amin walikutana na watu wetu. Aprili 7 Entebbe, Aprili 11 Kampala, na Juni 3 wakafika mpaka wa Sudan.

Mimi nilichora hiyo njia nyuma ya kalenda ya ukutani, mto, barabara, miji, basi. Nikaitandika mezani bila kusema kitu. Baba mkubwa aliiangalia, akachukua kalamu yangu, akaongeza kinamasi mahali ambapo mimi nilikuwa nimeacha weupe. Tulikuwa tumeshaanza.

Tarehe utazihitaji kwa sababu nyingine: wazee hawahesabu kwa kalenda. Mama mkwe, ukimuuliza Amin aliingia lini, anakwambia, "Senene walikuwa wameanza." Anayeijua Bukoba anajua Novemba ni msimu wa senene, kwa hiyo bibi yuko sahihi kuliko vitabu vingine. Baba mkubwa alisema waliingia Kampala "wiki ya Pasaka". Nilipotafuta, Pasaka ya 1979 iliangukia Aprili 15, na Kampala ilianguka Jumatano ya wiki hiyo. Kwa hiyo usimshike mzee na "mwaka gani, mwezi gani". Muulize mvua zilikuwaje, pamba ilikuwa imechumwa, mtoto wa ngapi alikuwa mgongoni. Tarehe utaitafuta mwenyewe nyumbani.

Na usiwe mwepesi wa kumsahihisha. Mzee mmoja wa Kirumba aliniambia Mwanza ilipigwa bomu. Mjukuu wake, mwalimu, akadakia: "Hapana babu, vita vilikuwa Kagera." Mzee akanyamaza, na siku hiyo hakusema tena la maana. Ukweli ni kwamba ndege za Uganda zilipiga Bukoba na Mwanza Septemba 1972, miaka sita kabla ya vita vyenyewe, wakati wakimbizi wa Uganda walipojaribu kumng'oa Amin wakitokea kwetu. Halafu mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya ilikuja kulenga matangi ya mafuta ya Mwanza, ikakosa, mabomu yakaua swala kwenye kisiwa cha Saanane. Mzee akikwambia "bomu la Mwanza", muulize tu kama alikuwa ameshaoa. Utajua ni lipi.

Usianze na bunduki

Kosa kubwa kuliko yote nililishuhudia Krismasi moja. Tumekaa uani, nyama inachomwa, kijana wa kaka yangu akamuuliza baba mkubwa mbele ya watu wote: "Babu, wewe uliua wangapi?" Watu wakacheka. Baba mkubwa alisimama, akaenda kumfungua mbuzi aliyekuwa amefungwa kwenye mwembe, akamfunga kwenye mwembe mwingine. Alirudi baada ya nusu saa akazungumzia bei ya mahindi.

Wewe anza na viatu. Nasema viatu kwa sababu jeshi letu sehemu kubwa ya vita lilitembea kwa miguu. Kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200 za barabara, na wao walikuwa hawapiti barabarani tu. Kila aliyekwenda ana habari za miguu yake. Chakula nacho ni mlango mzuri: walikula nini, nani alipika, maji waliyatoa wapi. Barua: nani alikuandikia, ilifika? Mshahara wa mgambo ulikuwa nani anaupokea nyumbani? Maswali haya hayamwombi mzee awe shujaa wala muuaji. Yanamwomba akumbuke tu.

Baba mkubwa alikuwa kibarua wa kiwanda cha kuchambua pamba. Akapita mafunzo ya mgambo kama wengine, wakapakiwa kwenye lori, kisha meli ya usiku taa zimezimwa, Bukoba alfajiri. Alipewa buti namba kumi na moja. Yeye anavaa nane. Akamwambia mgawaji, akajibiwa achukue au aache. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kiwandani, alijua la kufanya: aliomba pamba kwa wauguzi, akasokota, akajaza mbele ya vidole. Kila jioni aliitoa imelowa damu na jasho, akaianika juu ya mtutu. Alinionesha kwa mikono namna alivyokuwa anasokota, dole gumba juu ya kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayetengeneza utambi wa koroboi. Dakika arobaini nzima tulikuwa kwenye viatu. Sikumkimbiza.

Halafu akasema, "Nilipofika Lukaya ndiyo nikapata viatu vinavyonitosha."

Akanyamaza.

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Kimya kinawasha, mtu anataka kukijaza na "pole sana baba" au swali jingine. Usifanye. Angalia mikono yako, kunywa chai yako, acha kuku wapite. Sikumuuliza viatu alivipata wapi. Alitafuna ugoro wake, akatema, akasema jina la mtu. Jina moja tu, la kijana waliyetoka naye kiwandani. Namba nane.

Ule ujuzi mdogo wa kusoma kabla ulinisaidia hapo. Nilikuwa nimesoma kwamba brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, usiku wa kwanza wa Lukaya ilitawanyika Walibya walipoanza kupiga, na asubuhi yake ikajikusanya, ikarudi kupigana pamoja na brigedi ya 208 iliyokuja kwa upande. Nikamwambia, "Baba, nimesoma kwamba 201 walitawanyika usiku ule." Aliniangalia kwa muda mrefu. "Kumbe wameandika?" Nikamwambia wameandika. Wakati ule vita vilikuwa vimepita miaka karibu arobaini, na muda wote huo alidhani kukimbia kule ni siri yake na wenzake, aibu ambayo ikitoka nje itaharibu jina la jeshi zima. Tangu hapo alizungumza mpaka taa ya sola ikaisha.

Kwa hiyo mtu akikwambia mzee wake haongei, kabla ya kumwita mkimya, jiulize anaona aibu ya nini. Mara nyingi si ya jambo ulilokuwa unaliwazia.

Vitu vilivyoko nyumbani

Omba kuoneshwa vitu. Nishani iliyo kwenye mfuko wa nailoni, kitambulisho, picha ya studio yenye pazia la maua. Vitu vinakumbuka kuliko watu. Ila jiandae, vingine vitakuletea matatizo.

Kwa baba mkubwa kuna cherehani ya mguu. Sare yangu ya darasa la kwanza ilishonwa nayo. Tulipokuwa watoto tuliambiwa "ilitoka Uganda", nasi tukaona ni sawa na kusema ilitoka Nairobi. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba miji ilipoanguka kulikuwa na uporaji, wa raia wa kule na wa askari wetu pia. Nikamuuliza. Akajibu, "Niliikuta."

Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Nikitaka kumsitiri nitaandika "alinunua". Nikitaka kujionesha mwadilifu nitaandika "aliiba". Nikaandika alivyosema: niliikuta. Na chini yake nikaandika maelezo ya mama mkubwa, kwamba ilipofika droo ilikuwa na uzi wa bluu, vifungo saba na kipande cha karatasi chenye vipimo vya mtu: kifua, kiuno, urefu. Fundi fulani wa Uganda alikuwa katikati ya kazi. Mama mkubwa anasema aliihifadhi ile karatasi miaka mingi, panya wakaila.

Waganda wenyewe wanatukumbuka kwa namna mbili. Kule askari wetu waliitwa Bakombozi, wakombozi, na kuna watu wazima Kampala wanaokueleza walivyowabebea magodoro na ndizi za kuwapikia. Wapo pia wanaokumbuka redio yao ilivyoondoka. Ukipata nafasi ya kumsikiliza mtu wa upande huo, iwe dereva wa lori Mutukula au muuza nguo anayekuja Mwanza, chukua. Maelezo ya mzee wako yatapata upande wa pili.

Wasiovaa gwanda

Nikikwambia mzee wa vita, usimwazie mwanaume tu. Mabasi na malori ya watu yalichukuliwa kubeba askari, madereva wake wapo. Wauguzi wapo. Waliobaki wakipanga foleni ya sukari na sabuni wapo, maana Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18 na kila mzazi wa wakati ule atakwambia mikanda yake ilifunguliwa lini, kama ilifunguliwa. Hao wanahojiwa kirahisi sana, wanacheka wakikumbuka, usiwaruke.

Wagumu ni wale ambao vita viliwapitia. Inakadiriwa raia wapatao 1,500 waliuawa kule kaskazini ya mto katika wiki zile chache, na makumi ya maelfu walikimbia. Mama mkwe alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, ana mtoto mmoja na mimba ya pili. Alikuwa amebandika maharage.

Kwanza, mwache aseme kwa lugha ambayo vita vilimkuta nayo. Nilianza naye kwa Kiswahili, akanipa sentensi tano kavu kama taarifa ya habari. Nikamwita wifi yangu, akamuuliza kwa Kihaya, na mama akabadilika hata sauti. Mimi nilitegesha simu, nikawa natafuna kahawa waliyonikaribisha nayo, sielewi kitu. Wifi alinitafsiria baadaye, neno kwa neno, jioni mbili. Ukiwa na mzee anayeota kwa Kikurya au Kisukuma, mtafute anayemwelewa.

Pili, fuata mikono yake. Muulize alibeba nini. Mtu anayekimbia ana mikono miwili tu, na alichokishika kitakwambia alikuwa anawaza nini. Mama mkwe alibeba mtoto mgongoni, sufuria ya maharage nusu mbichi kichwani, na kuku chini ya kitenge. Huyo kuku alimfunga mdomo kwa kamba ya mgomba asitoe sauti. Walilala mashambani mchana, wakatembea usiku hadi mtoni, na siku zote hizo alikuwa anamfungua yule kuku mara moja tu, gizani, anamnywesha maji kwa kiganja, anamfunga tena. Anaeleza habari za kuku kuliko za risasi. Wakavuka kwa mtumbwi. Waliporudi mwaka uliofuata, nyumba ilikuwa ipo, mabati hayapo, milango haipo, na migomba imejiotea hadi sebuleni.

Mtu aliyeona mauaji au aliyefanyiwa ukatili, usimvute. Akifika mahali akakwepa, mfuate alikokwepea. Na usimhoji mzee halafu ukapanda basi saa hiyohiyo. Kaa, ule, ulale hapo ukiweza. Mama mkwe usiku ule hakulala, tulisikia anatembea, na wifi akaenda kukaa naye.

Simu na daftari

Hapa nitakimbia. Zima mtandao simu isiite. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza tupu, kila kikombe kitasikika kama mzinga. Msimu wa mvua usikae chini ya bati. Anza kwa kusema tarehe, mahali na jina la mzee kwa sauti. Ukimaliza, hamishia kwenye flashi na kwenye memori kadi nyingine siku hiyohiyo. Nilipoteza saa mbili za mzee mmoja wa Sengerema kwa kuahirisha hadi kesho, mtoto akafuta apate nafasi ya gemu. Mzee alikuwa amefariki niliporudi.

Unapoandika, usimnyooshee Kiswahili chake. Akisema "wamizinga wetu walishusha saba saba", acha hivyohivyo, eleza pembeni kwamba ni yale makombora ya kurushwa mengi kwa pamoja. Akisema Walibya walikuwa kama siafu, andika siafu, usiweke idadi.

Wasifu wa msibani usiubebeshe yote. Baba mkubwa alipofariki nilimwandikia kurasa mbili, msomaji akaona muda umekwenda, akaruka. Siku hizi naweka aya moja kwenye wasifu, na maelezo kamili nayachapa pembeni, nayabana kwa spairo, nakala tano: mke, mtoto mkubwa, mtoto mdogo (huyu ndiye huwa anatunza), kanisa au msikiti, na moja nabaki nayo.

Vijana wakiwepo

Kuna wanaosema watoto wasisikie. Mimi nawaacha wakae, ila wasiulize siku ya kwanza. Vijana wetu wamezaliwa kwenye amani na vita wanavijua kwenye simu, kwa hiyo wanavizungumza kama mechi. Yule yule wa "uliua wangapi" alikuwa siku nyingine anasoma habari za mvutano wa mpakani, akasema kwa sauti, "Hawa tukiamua ni wiki moja tu, jeshi letu balaa." Baba mkubwa alikuwa anamenya muhogo.

"Unavaa kiatu namba ngapi?"

"Arobaini na mbili, babu."

"Haya. Watakupa arobaini na sita."

Kijana hakuelewa. Ikabidi nimpe daftari la kwanza asome, akalirudisha baada ya siku mbili bila neno. Baadaye niliona amemsugua babu yake miguu kwa mafuta, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Na vita havijabaki kwa wazee. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 wa kulinda amani waliuawa katika shambulio moja huko Semuliki, Kivu Kaskazini. Mstari mpya umeanza kuingia dukani kwangu: "alishiriki ulinzi wa amani Kongo." Wanaouleta ni wajane wa miaka thelathini, na wenzao waliorudi wazima wanakuja kutoa kopi za vyeti vya watoto. Hao usiwaendee na simu ya kurekodi mwaka wa kwanza. Waulize habari za mguu, za usingizi, za kazi. Waachie namba yako.

Kaboya

Kama una uwezo, mpeleke mzee Kaboya, wilayani Muleba, walikozikwa askari zaidi ya 600 wa vita hivyo. Ni eneo la jeshi, kwa hiyo toa taarifa mapema na uliza kabla ya kupiga picha. Julai 25, Siku ya Mashujaa, kuna mkuki, ngao, sime, upinde, shada la maua na tarumbeta, na viongozi wana nafasi zao. Ukitaka mzee wako atafute jina, nenda siku isiyo na sherehe. Baba mkubwa alichukua saa nzima kati ya mistari ile ya makaburi, kofia mkononi. Mpelekee kiti chepesi na maji, na dereva umwambie mapema kwamba hamna haraka.

Msomee kabla hujachapa

Ukishaandika, rudi umsomee mwenyewe, kwa sauti, yote. Mwambie akitaka kitu kitoke kitatoka, na ukitoe kweli, usikifiche kwenye nakala yako. Yapo mambo ya kijeshi hawatasema, usiyachimbe. Yapo ya nyumbani. Baba mkubwa alitoa jina la ofisa mmoja, akaacha cherehani, ambapo mimi nilidhani itakuwa kinyume.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho. Kisha akasema, "Kuku mtoe."

Nikashangaa. Kuku ndiye aliyekuwa amebeba hadithi nzima. Wifi akamuuliza kulikoni. Mama akasema yule kuku hakuwa wake. Alikuwa wa jirani, mwanamke mkubwa aliyekuwa akimfundisha kusuka mikeka. Asubuhi ile jirani alimwambia tangulia, nafunga mlango nakuja, akampa kuku amshikie. Hakuja. Wao walipofika ng'ambo ya mto, siku ya nne bila chakula, mama akamchinja. "Watu watasema niliiba."

Nikamtoa. Nilikata aya mbili, maelezo yakabaki na maharage na mtumbwi, nikachapa nakala moja ya kumpelekea aione. Ilikaa kwake kama wiki tatu. Siku moja, saa kumi na mbili asubuhi, duka sijafungua, simu ikaita. Hakusalimia hata kidogo, na yeye ni mtu wa salamu ndefu.

"Mama Neema, yule kuku mrudishe. Na uandike alikuwa wa nani."

Akanitajia jina la yule jirani, la kwake na la baba yake, akarudia mara mbili ili nisikosee herufi.